Madhabahu Mahali pa Machozi



Somo letu: Yeremia 29:4-7.

Wako ndugu kati yetu wanaouliza: "Kwa nini tusiribe kuta za kanisa, na sisi ni wapita njia?" Kabla ya kujibu, tuyatazame makanisa ya zamani ya pwani ya Afrika Mashariki. Yanatueleza habari za watu waliong'olewa kwao kama sisi.

Zanzibar, soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873. Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo likawekwa kwenye uwanja uleule. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru, ukumbusho wa mti walipochapwa watumwa. Penye kisima cha ubatizo kuna nguzo zilizosimama juu chini. Husimuliwa kwamba mafundi walizikosea Askofu Edward Steere akiwa safarini, naye akaziacha hivyo. Zimepinduliwa, lakini hazijaanguka. Nasi je?

Bagamoyo ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyopita Ujiji. Wengine waliofikishwa pale walitoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwetu. Wamisionari walifika mwaka 1868, wakaanzisha kijiji cha waliokombolewa. Mnara wa kanisa lao la mwaka 1872 ungalipo.

Mombasa, makazi ya Frere Town yalianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru. Kengele yao iliwaonya watekaji walipokaribia. Mahali hapo huitwa Kengeleni hata leo.

Ndugu, wengi wa watu hao hawakuona tena kijiji cha mama zao. Hata hivyo hawakungoja kurudi ndipo wamwabudu Mungu. Palipokuwa na mjeledi pakawekwa meza ya Bwana.

Basi kusiriba ukuta si kusahau nyumbani. Watoto wetu wanabatizwa hapa, wazee wetu tunawaombea hapa. Tukirudi kesho, wenyeji watabaki na nyumba ya sala. Tukikawia, mvua haitatukuta chini ya turubai lililochanika.

Jumamosi hii tukutane asubuhi: vijana wakanyage udongo, akina mama na akina baba tuchote maji pamoja.

Mungu wa faraja awe nanyi nyote. Amina.