Ngozi ni ya Nani?

Kupenda uzuri si kosa. Mtu hupaka hina, hutia wanja, hujisinga liwa, wala hapana awezaye kumzuia kwa haki, maana mwili ni wake. Basi mwanamke apakaye mkorogo ili ngozi yake iwe nyeupe, akionywa, hujibu kwa maneno machache: "Ngozi ni yangu." Jibu hili lina nguvu. Halifai kudharauliwa, lafaa kupimwa.

Kwanza, hiari haitimii bila maarifa. Baadhi ya krimu na sabuni za kung'arisha ngozi zimetiwa zebaki, ambayo huzuia ngozi kufanya rangi yake. Weupe huonekana kwa muda, na apakaye akiacha, rangi hurudi: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Lakini zebaki iliyokwisha kuingia mwilini yaweza kudhuru figo na mishipa ya fahamu. Nyingine zina haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu yaweza kuleta mabaka meusi yenye kuelekea samawati, mahali pale pale palipotakiwa weupe. Mara nyingi maandishi ya kikopo hayataji sumu iliyomo. Je, mtu aliyefichwa jambo kubwa namna hii aweza kusemwa kuwa amechagua?

Pili, hata ajuaye hayuko peke yake. Zebaki huambatana na taulo na shuka, hugeuka mvuke ndani ya chumba, humfikia mtoto aliye tumboni, tena hupita katika maziwa ya mama. Mtoto hakununua kikopo wala hakutamani weupe. Ngozi ni ya mama, lakini madhara ni ya nyumba nzima.

Kwa sababu hii serikali zimeingilia kati. Mkataba wa Minamata, uliotiwa sahihi mwaka 2013 na kupewa jina la mji wa Japani uliopatwa na msiba wa zebaki, ulikataza kwanza vipodozi vyenye zebaki kupita sehemu 1 katika milioni. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuondoa hata ruhusa hiyo ndogo, vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikome ifikapo 2025. Tanzania na Kenya nazo zina marufuku zake. Hata hivyo vikopo huuzwa kwa siri, kwa kuwa sheria hufunga duka bila kufunga tamaa.

Tamaa hiyo haikuzaliwa na mwanamke peke yake. Mchumba asifuye weupe, tangazo liuitao weupe usafi, na jamaa wamchekao binti mweusi, wote wana fungu lao katika kikopo kile. Wala kurudia vya kale si dawa, maana wanja wa asili nao waweza kuwa na risasi. Lililo wajibu ni muuzaji kusema kweli juu ya kilichomo, mnunuzi kuuliza kabla ya kupaka, na jamii kuacha kumtoza mtu afya yake ili aitwe mzuri.