Sumaku Haina Nusu

Chukua sumaku mche, ile ya maabara ya shule yenye rangi nyekundu upande mmoja na buluu upande wa pili, uivunje pale rangi zinapokutana. Ungetarajia kubaki na kaskazini mkono huu na kusini mkono ule. Hupati. Palipovunjika hutokea ncha mpya mbili, na sasa una sumaku mbili kamili. Petrus Peregrinus aliliandika jambo hili mwaka 1269, katika barua aliyoitunga akiwa na jeshi lililouzingira mji wa Lucera, Italia. Lakini kushindwa kwa karne saba peke yake si hoja. Huenda misumeno yetu ni minene mno. Linalostahili kuulizwa ni kama ncha moja haipatikani kwa sababu hatujakata vya kutosha, au kwa sababu hakuna cha kukatwa.

Nashikilia la pili. Tunapotea tunapodhani kwamba kila kinachotajika peke yake kinaweza pia kukaa peke yake. Katika miaka ya 1820 Mfaransa Ampère alipendekeza kwamba usumaku hutokana na mikondo ya umeme inayozunguka ndani ya maada. Kunja waya uwe duara, pitisha mkondo, tayari una sumaku. Upande unakouona mkondo ukienda kinyume na saa ndio kaskazini. Hamia upande wa pili, mkondo uleule utauona ukifuata saa, na hapo ndipo kusini. Fikiria saa ya ukutani iliyo kioo mbele na nyuma: akrabu ni ileile, ila anayeitazama kwa nyuma huiona ikirudi. Hakuna fundi atakayeipasua saa hiyo akabaki na mwendo wa kulia tu.

Atasema mtu: basi tukate hadi chembe ya mwisho. Tukifika kwenye elektroni, ambayo hakuna aliyewahi kuigawa, bado tunakuta kisumaku chenye pande mbili. Ni kweli elektroni si kimpira kinachozunguka, na hapo picha ya Ampère inaishiwa nguvu. Hata hivyo spini yake, yaani sifa yake ya ndani inayoipa usumaku, ina mwelekeo, na chenye mwelekeo hakiwezi kuukabili upande mmoja bila kuupa mwingine mgongo. Mjanja zaidi ataunganisha vipande vingi viwe tufe, kaskazini zote nje, kusini zote zimefichwa ndani. Nalo halifai. Uga wa sumaku unaozaliwa na mikondo na spini daima hujifunga, ukitoka hapa unarudi pale. Katika tufe hilo utarudi kupitia nyufa kati ya vipande. Ziba nyufa zote, tufe liwe sawasawa kabisa, na nje hakubaki uga wowote. Aliyetaka ncha moja ameishia kukosa zote mbili.

Pingamizi zito ni la mwaka 2008, pale wanafizikia Castelnovo, Moessner na Sondhi walipoonyesha kwamba ndani ya fuwele ya disprosiamu titanati, iliyopozwa hadi karibu na sifuri halisi, kisumaku kimoja cha atomu kikigeuka huacha kasoro mbili zinazoweza kuachana na kutembea, kila moja ikijiendesha kama ncha pekee. Majaribio ya 2009 yalipata dalili zake. Ni kazi ya kupendeza, na magazeti yaliishangilia kupita kiasi. Kasoro hizo huzaliwa wawiliwawili, zikiwa zimeunganishwa na mnyororo wa visumaku vilivyogeuka ambamo uga hurejea, na huwezi kuitoa moja nje ya fuwele. Ni tabia ya atomu nyingi kwa pamoja, wala si kitu cha kushikwa.

Hayo yote hayathibitishi kwamba ncha moja haipo popote ulimwenguni. Mwaka 1931 mwanafizikia Dirac alionyesha kwamba kuwepo kwa chembe moja tu ya namna hiyo kungeeleza kwa nini chaji ya umeme huja kwa mafungu kamili. Tarehe 14 Februari 1982, kifaa cha Blas Cabrera huko Stanford kilirekodi mruko unaolingana na chembe ya Dirac, ila haukujirudia tena. Katika maabara ya CERN chembe hiyo bado inatafutwa. Ikipatikana itakuwa chembe iliyozaliwa hivyo tangu mwanzo, na sumaku ya kawaida itaendelea kuvunjika ikitoa sumaku.