Udongo Ule Tuliupeleka Wapi?

Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo kunikalia vibaya, mjomba alinipeleka gereji. "Riwaya zako utaandika usiku," aliniambia, "mchana shika spana." Basi nikashika spana. Ardhi ya gereji ile ilikuwa nyeusi tii kwa oili chafu ya miaka mingi. Mvua ikinyesha, maji yaliyopita uani yalikuwa na rangi za upinde.

Siku moja tajiri akatangaza kwamba tunasafisha. Tukachimba siku mbili, tukajaza lori, tukamwaga kifusi kipya juu. Uwanja ukapendeza, kila mteja akasifu. Ila dereva wa lori hakuwa mwenyeji. Aliniuliza mimi, mtoto wa mtaa: "Tumwage wapi?" Nikamwonyesha bondeni, hatua chache tu kutoka kwenye matuta ya mchicha.

Tangu hapo swali hili halinitoki: je, tulisafisha au tulihamisha?

Ndugu msomaji, usidhani hili ni swali la sisi watu wa gereji tu. Mwezi Machi 1978 meli ya Amoco Cadiz ilikwama na kupasuka karibu na pwani ya Brittany, Ufaransa, ikamwaga zaidi ya tani 220,000 za mafuta. Katika kinamasi cha maji ya chumvi cha Ile Grande waliingiza mitambo mizito, wakakwangua matope yenye mafuta pamoja na mizizi. Kwa macho, pakawa safi. Lakini baadaye wataalamu walipolinganisha, waliona kwamba kinamasi kilichoachwa bila kuguswa kiliota majani upesi kuliko kile kilichosafishwa.

Sababu yake si uchawi. Ndani ya udongo mna vijidudu vinavyokula mafuta, taratibu, mradi vipate hewa, unyevu na chakula kingine kidogo. Ukichimba udongo wote, umeondoa sumu, lakini umeondoa na waganga wake. Ukiuchoma, mafuta yanatoka na uhai unakufa. Ukiupakia kwenye malori, unachoma dizeli njia nzima, na huko uendako kuna mtu anaishi. Kila usafi una gharama yake, na mara nyingi anayeilipa si yule anayesifiwa kwa kusafisha.

Sasa utaniambia: kumbe basi tuache tu, ardhi itajiponya! Polepole, bwana. Maneno hayo matamu yanapendwa sana na waliomwaga, kwa kuwa hayawagharimu kitu.

Hebu twende Ogoni, kusini mwa Nigeria, kwao Ken Saro-Wiwa, mwandishi aliyeipigania ardhi hiyo hadi akanyongwa pamoja na wenzake wanane tarehe 10 Novemba 1995. Mwaka 2011 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, lilitoa ripoti juu ya ardhi hiyo. Njia iliyokuwa ikitumika kusafisha ilikuwa ile nyepesi: kuulima udongo wa juu, kuutia mbolea na kuwaachia vijidudu kazi. Watafiti walipochimba, katika sehemu 49 walikuta mafuta yameshuka mita 5 au zaidi. Huko Nisisioken Ogale, maji ya visima yalikuwa na benzini, kemikali inayoleta saratani, zaidi ya mara 900 ya kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Watu walikuwa wanakunywa hayo.

Hapo ndipo mizani yangu ilipovunjika. Nilikuwa nikidhani ni hesabu tu: faida huku, hasara kule, kilicho kizito kishinde. Lakini mizani haiulizi nani anakunywa. Majani ya kinamasi yanaweza kungoja miaka mitano. Mtoto mwenye kikombe mkononi hawezi kungoja hata hadi jioni.

Kwa hiyo sasa naamini hivi. Kuacha kunaweza kuwa hekima, na kuchimba kunaweza kuwa uharibifu wa pili. Lakini neno "subirini" si halali kinywani mwa aliyemwaga. Ni la yule mwenye kisima, mwenye tuta, baada ya kuambiwa ukweli wote. Hata yeye anaweza kukosea, sikatai. Anaweza kudai mitambo pale ambapo subira ingefaa zaidi. Ila kosa lake ataishi nalo mwenyewe. Kosa la tajiri tunaishi nalo sisi.

Mwezi uliopita nilijikaza, nikashuka bondeni. Nikamkuta mama mwenye tuta la kwanza akimwagilia. Nikamweleza habari ya lori, na kwamba mkono ulioonyesha njia ulikuwa wangu. Aliweka ndoo chini, akanitazama.

"Miaka mitatu nauza mchicha huu, mwanangu. Ndiyo unaniambia leo?"

Sikuwa na jibu. Nilibaki nimesimama. Kisha akaniuliza, sauti yake imeshuka: "Sasa tuuchimbe, au tuuache?"

Ndilo swali ambalo dereva alipaswa kumuuliza yeye, si mimi.