Haki ya Kiu na Bomba la Jirani

Mabomba ya Mwanza hayajui barafu. Mji uko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, lakini hata Julai baridi yake ni ya kujifunika blanketi tu. Anayetaka kuona umande ulioganda nchini Tanzania apande wilayani Makete, hadi uwanda wa Kitulo. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na chuma hakiwezi kuyazuia. Ndiyo maana Februari 2021, baridi kali ilipoivamia Texas huko Marekani, mabomba yalipasuka katika nyumba nyingi na mamilioni ya watu wakakosa maji salama. Mabomba ya Mwanza yana maadui wengine: jua, miguu ya watu, mawe yanayoporomoka na msumeno.

Chanzo cha yote ni mwamba. Katika mitaa ya Igogo, Mabatini, Isamilo na Kirumba, nyumba zimepanda milima ya mawe hadi kileleni, na pengi sululu haiingii. Bomba hulazwa juu ya jiwe, wazi. Linapita chini ya ngazi za huyu, nyuma ya jiko la yule, kando ya choo cha mwingine, likielekea kwa mtu anayeishi juu zaidi. La plastiki likikaa juani miaka mingi hukakamaa na kupata ufa. La chuma hushika kutu kwenye maungio. Hapo ndipo swali la fundi linapogeuka kuwa swali la imani: maji yanayopita mlangoni kwa mtu yakienda kwa jirani, yanamdai nini mtu huyo mbele ya Mungu?

Jibu linalotangulia ni kwamba maji ni ya Mungu. Ni jibu la kweli, na katika pwani za Ziwa Victoria ni la zamani kuliko misikiti na makanisa. Wahaya walimjua Mugasha, mungu wa ziwa, na Waganda Mukasa, na ziwa halikuwa mali ya mvuvi yeyote. Mtume Muhammad alifundisha kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa 2015, aliyahesabu maji salama kuwa haki ya msingi ya binadamu. Tatizo ni hatua inayofuata baada ya jibu hilo: maji ni ya Mungu, basi na bomba halina mwenyewe.

Wanazuoni wa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, waliliona tatizo hili mapema. Walitofautisha maji ya mto na ziwa, ambayo ni ya wote, na maji yaliyokwisha kutekwa na kuwekwa chomboni, ambayo ni mali ya aliyeyahangaikia. Hata hivyo wakaacha mlango mmoja wazi, na mlango huo ni wa maana sana: mwenye kiu ana haki ya kunywa, na mwenye maji ya ziada haruhusiwi kumnyima. Tafakari mpaka uliowekwa hapo. Kiu inampa mtu haki ya kunywa kisimani kwa mwenzake. Haimpi haki ya kukibomoa kisima.

Tanzania imeipitia hoja hii ya bomba lisilo na mwenyewe kwa gharama kubwa. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwanakijiji maji safi ifikapo 1991, na vijijini maji yalikuwa bure. Nia ilikuwa njema, tena ya kiutu. Lakini pampu nyingi ziliharibika zikabaki hivyo, kwa kuwa kilichoitwa mali ya umma kilionekana hakina wa kukilinda. Sera ya maji ya 1991 ikaanza kudai mchango wa mtumiaji, na ile ya 2002 ikaendelea na njia hiyo. Julai 28, 2010, Umoja wa Mataifa ulipopiga kura kuyatambua maji kuwa haki ya binadamu, nchi 122 ziliunga mkono na 41 hazikuegemea upande wowote. Tanzania ilikuwa miongoni mwa hizo 41. Kura hiyo inasikitisha, kwa nchi iliyokuwa imeahidi mengi namna ile.

Maana bei nayo ina dhuluma yake. Huko mlimani, mwenye mita ndani ya ua hulipia maji kwa uniti. Asiye na bomba hununua kwa dumu, na kwa kila lita hulipa zaidi ya mwenye mita, ingawa kipato chake ni kidogo. Wala si kwamba maji hayapo: chanzo cha Capri Point jijini kinaweza kuzalisha lita milioni 90 kwa siku, na chanzo cha Butimba kimeongeza uwezo wa lita milioni 48. Tangu 2009 maji ya ziwa hilihili, yanayotekwa Ihelele wilayani Misungwi, yamefika Shinyanga na Kahama. Mtu anayelitazama ziwa kutoka kibarazani mwake huku ndoo zake zikiwa tupu ana malalamiko ya haki, na anapolikata bomba kwa msumeno usiku na kujiunganishia maji kinyemela, dhambi hiyo si yake peke yake. Wapo waliouacha mlima mkavu.

Ila msumeno wake haumfikii aliyeuacha mlima mkavu. Unamfikia jirani wa juu. Kuna jambo ambalo wahandisi wanalijua na wahubiri wangepaswa kulitaja mimbarani: bomba lenye tundu halipotezi maji tu. Maji ya mgao yanapokatwa, msukumo hushuka, na bomba tupu huweza kufyonza kilicholizunguka. Kwenye mlima ambako bomba limelala kando ya choo, kinachofyonzwa huenda ni kipindupindu au homa ya matumbo. Maji yakirudi, huyabeba yote hadi kwenye kikombe cha mtoto wa mtu mwingine. Kwa hiyo anayeliona bomba linavuja akapita kimya, kwa sababu kwake maji yanatoka, amefanya uamuzi juu ya afya ya mtoto huyo.

Maandiko yana mfano wa mtu aliyeelewa kazi ya kutengeneza kilichoharibika, lakini hahubiriwi sana. Isaka, katika Mwanzo 26, hatajwi kwa ushindi wa vita. Anafukua visima vya baba yake Ibrahimu ambavyo Wafilisti walivifukia kwa udongo. Anachimba, wanamgombania maji, anasogea, anachimba tena.

Waislamu wana Uthman bin Affan, sahaba wa Mtume, aliyekinunua kisima cha Ruma huko Madina na kukifanya wakfu kwa wote. Wana pia mfereji wa Zubeida, mke wa khalifa Harun al-Rashid, uliopeleka maji Makka kwa karne nyingi kwa kuwa vizazi vilivyofuata vilitoa mali kuukarabati.

Sadaka ya maji katika Kanda ya Ziwa leo hupenda kisima kipya chenye kibao cha jina la mtoaji. Ni mara chache kumkuta mtu anayetoa sadaka ya koki, ya kiungio, ya saruji ya kulifunika bomba pale linapokanyagwa. Ni upungufu wa mafundisho, na tiba yake haihitaji wafadhili kutoka mbali. Jumuiya ndogondogo za Kanisa Katoliki zinajua kila nyumba mlimani, na kamati za misikiti vilevile. Zikikaa pamoja mara moja zinaweza kukubaliana mambo matatu: bomba la mtaa linapita wapi, nani hupigiwa simu likivuja usiku, na ni familia zipi zisizo na bomba ambazo mtaa utazichangia ada ya kuunganishiwa kihalali.