Leta Daftari

Wanangu, mtaa wetu unaitwa Tena, basi mnivumilie niseme tena. Nimeyasema haya kwenye harusi, nimeyasema matangani, na koo limechoka. Lakini mzee akinyamaza huwa amekubali, nami sijakubali.

Jumapili jioni nilikwenda saiba kuchapisha karatasi zangu za pensheni. Nilikuta kina mama watatu kwenye foleni, na kazi yao ilikuwa moja: mradi wa mtoto, unatakiwa shuleni kesho asubuhi. Kijana wa saiba alikuwa anakata katoni, anabandika picha za wanyama, kisha akaandika jina la mwanafunzi juu kwa hati nzuri. Mwanafunzi mwenyewe alikuwa kwenye benchi, anacheza gemu kwa simu ya mamake.

Mimi nilianza darasa la kwanza mwaka wa 1965, kule Bahati. Sitawadanganya kwamba siku zile zilikuwa asali. Karo ililipwa, na aliyekosa alirudishwa nyumbani. Serikali ilipoifuta kwa darasa la kwanza hadi la nne mwaka wa 1974, mimi nilikuwa nimeshatoka. Viboko tulichapwa kwa kosa na bila kosa. Vilipopigwa marufuku mwaka wa 2001, sikusikitika hata kidogo. Kwa hiyo msidhani nalilia fimbo.

Ninachokikumbuka ni mama. Aliuza mboga na hakujua kusoma. Lakini kila jioni, sufuria ikishateremshwa, alisema, "Leta daftari." Alilisogeza karibu na koroboi, akapitisha kidole kwenye wino mwekundu, akahesabu. "Hapa mwalimu amechora nini? Kwa nini?" Ilinibidi nieleze, na katika kueleza nikaelewa.

Siku moja nikamwambia kwamba alama ya kosa ndiyo ya kupata. Hakujibu. Alilibeba lile daftari hadi kwa jirani aliyekuwa karani, akarudi, akaketi. Hakunigusa. Alisema tu, "Anza upya." Tulikaa hapo mpaka mafuta ya taa yakaisha.

Mtaniambia mtaala wa siku hizi ni mzito na unakula pesa. Najua. Nanyi mliokunywa maziwa ya Nyayo mnakumbuka 8-4-4 ilipoingia mwaka wa 1985: useremala, ushoni, mapishi. Sisi wazazi wenu tulilalamika vivyo hivyo, nani atanunua mbao, nani atanunua vitambaa? Najua pia mnaamka alfajiri, na jioni foleni ya magari inawarudisha nyumbani mkiwa hoi. Mama naye alirudi hoi.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Siku hizi ulimwengu uko karibu, uko pale saiba, na unalipwa kwa simu. Yule kijana simlaumu, anatafuta riziki. Ila alama atakayopewa mtoto wako kesho ni ya kijana huyo, na mwanao anajua hivyo. Umemfundisha kwamba kazi yake inaweza kununuliwa.

Sisemi mjue hesabu zao, hata mimi zinanishinda. Kesho jioni, kabla ya kutuma pesa saiba, zimeni runinga, mketi naye dakika kumi, mmwambie: leta daftari.