Maji Yakipwa Saa Isiyo Yake

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na pipa la kukingia maji ya mvua, chini ya paa la mabati. Lilikaa miaka miwili mitatu bila kuoshwa, hadi siku aliponipa kopo akaniambia, "Ingia humo." Nikaanza kukwangua. Tope lilikuwa jeusi, laini kama uji, ila katikati yake ulipita mstari mweupe, mwembamba kama mshipi wa kuvulia. Nikauchota kwa kidole: chokaa. Ndipo nikakumbuka siku fundi alipopaka ukuta wetu na kusi ikavuma. Nyumba nzima tulikuwa tumekwisha kuisahau siku ile. Pipa lilikuwa nayo.

Wajukuu zangu, nimefundisha jiografia miaka mingi, na sijapata mfano mwingine unaofaa zaidi kwa haya ninayotaka kuwausia.

Huko Oregon, pwani ya magharibi ya Marekani, kuna ziwa dogo la maji baridi liitwalo Bradley, karibu na mji wa Bandon. Kati yake na Bahari ya Pasifiki kuna matuta ya mchanga. Mwaka hadi mwaka majani huoza, vumbi hutua, na tope hujengeka chini taratibu, kama pipani mwetu. Wataalamu walisukuma mabomba humo, wakachomoa vigogo virefu vya tope, wakavipasua kwa urefu na kukaa kuvisoma. Ndani ya tope wakakuta matabaka ya mchanga wa baharini, mazito upande wa pwani, yakizidi kuwa membamba kadiri yanavyoelekea bara. Mchanga hauna miguu, uliletwa na wimbi la tetemeko. Juu yake wakakuta vijimea vya kuonekana kwa hadubini tu, vya aina ipendayo maji ya chumvichumvi, kwa kuwa maji ya bahari ni mazito: yaliyoingia yalizama chini ya ziwa yakakaa huko miaka kadhaa, pengine miongo. Mahali pengine tope lilikuwa limevurugika bila mchanga wowote wa bahari. Hapo ardhi ilitikisika, kingo za ziwa zikaporomoka, lakini wimbi halikufika.

Wakapima umri wa majani na mbegu zilizonaswa humo. Katika miaka ipatayo 7,000, bahari iliingia ziwani mara 13. Wala haikuja kwa ratiba. Kuna nyakati mawimbi yalifuatana, na kuna nyakati bahari ilinyamaza karne kwa karne.

Wimbi la mwisho lina tarehe: 26 Januari 1700, yapata saa tatu usiku. Wenyeji wa pwani ile walirithishana hadithi za usiku ardhi ilipotikisika na bahari ikapanda. Ng'ambo, Japani, makarani waliandika habari za wimbi lililowafikia bila tetemeko, wimbi yatima. Karibu miaka 300 ilipita kabla wataalamu hawajalirudisha kwa mama yake, tetemeko la pwani ile ya Marekani. Lisemwalo lipo.

Neno langu la kwanza, basi: usipime bahari kwa umri wako. Kijana huniambia, "Babu, hapa hapajawahi kutokea." Namwuliza, tangu lini? Tangu uzaliwe?

Wala msidhani ni mambo ya ng'ambo tu. Pangani, mwaka 2020 watafiti walichapisha habari za tabaka la mchanga wa wimbi kama hilo, lililofukiwa ardhini, la miaka ipatayo 1,000, na ndani yake mifupa ya watu. Ni watu wa pwani kama sisi. Nimelelewa kwa hadithi za pwani hii, na sijapata kusikia hata moja iliyowataja. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko lilipopiga Sumatra, mawimbi yalichukua saa nyingi kuvuka hadi kwetu, na bado yalitukuta hatuna habari. Somalia ilipoteza mamia. Tanzania tulipoteza roho chache, lakini kwa mama aliyezika mwana hakuna chache.

Neno la pili: kujua peke yake si kinga. Katika uwanda wa Sendai, Japani, mchanga wa wimbi la mwaka 869 ulikwisha kupatikana mbali ndani ya bara, na wataalamu wakaonya. Tarehe 11 Machi 2011 bahari ikaupanda tena uwanda ule, na katika maafa ya siku hiyo watu zaidi ya 18,000 walikufa au kupotea. Sasa tazameni kisiwa cha Simeulue, Indonesia, jirani kabisa na tetemeko la 2004. Wimbi la mwaka 1907 liliua wengi huko. Waliobaki wakalipa jina, smong, wakalitia katika hadithi na nyimbo za watoto. Miaka 97 baadaye ardhi ilipotikisika, watu hawakungoja mtaalamu. Walipanda vilima. Kati ya watu wapatao 78,000, wimbi liliua saba.

Tope hutunza tu. Kupiga kelele ni kazi yetu.

Kwetu, tetemeko la mbali huenda msilihisi kabisa. Kwa hiyo yajueni maji. Mnajua bamvua na maji mafu, mnajua leo yanakupwa saa ngapi. Siku mtakayoona bahari inakimbia saa isiyo yake, miamba ikabaki wazi na samaki wakirukaruka mchangani, usifuate kikapu. Usitoe simu kupiga picha. Mshike mtoto aliye karibu nawe, awe wako asiwe wako, mpande juu. Wimbi la kwanza likipita usishuke, maana la pili huweza kuwa kubwa kuliko hilo. Na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza, usingoje kuona kwa macho.

Kesho alasiri njooni. Tutaanzia pale madau yanapofungwa, tupande mpaka msikiti wa juu, tuone inachukua dakika ngapi kwa miguu yangu hii ya kizee. Mwenye mtoto mdogo aje naye mgongoni, tujue na hilo.