Injini Imekufa, Nani Abebe Hasara?

Hapa Nshambya gari lililokufa injini halitupwi. Hupandishwa juu ya mawe pembeni ya migomba, likafunikwa turubai, na mwenyewe akiulizwa hujibu kwamba "anajipanga". Zamani kujipanga huko kulikuwa na gharama, kwa sababu ada ya mwaka ya leseni ya gari ilihesabiwa hata kama gari halijatoka uani. Bajeti ya 2017/18 iliifuta ada hiyo, ikaongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Tangu hapo gari bovu hulala bure, na wenye kujipanga tumezidi.

Nasema tumezidi kwa kuwa la kwangu lilichemsha nikipandisha kutoka Kemondo. Fundi alifungua kifuniko cha oili, akanionyesha rangi ya chai ya maziwa. "Mzee, maji yameshaingia kwenye oili. Hedi imepinda, na ukisikiliza vizuri, chini nako inagonga. Imenoki hii." Kisha akafuta mikono, akauliza swali ambalo kila mwenye gari huulizwa siku moja: tunatengeneza au unauza?

Wengi hulijibu swali hilo kwa kukumbuka bei waliyonunulia. Hapo ndipo hesabu inapoharibika, maana fedha ya kununulia ilishaondoka na hairudi ukitengeneza wala ukiuza. Hesabu inayofaa ina tarakimu tatu tu: bei ya gari likiwa zima leo, bei yake likiwa limekufa, na gharama ya kulifufua. Tuseme zima linapata milioni 8 na bovu milioni 3. Ukilifufua kwa milioni 2, umefaidika. Ukilifufua kwa milioni 6, umejitoza faini mwenyewe.

Shida ni kwamba hiyo tarakimu ya tatu haikai mahali pamoja. Kushusha injini na kuitengeneza kwa ringi, beringi na gasketi mpya kunategemea mkono wa fundi na uzima wa kranki, jambo ambalo halijulikani mpaka injini ifunguliwe. Injini ya mtumba ni haraka zaidi, lakini unanunua sauti. Ilivyotunzwa huko ilikotoka hukuona. Watu wa Kagera tuna njia mbili: kuagiza Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000, au kuvuka Mutukula hadi Kampala, kwenye soko la Kisekka linalojulikana kwa spea. Popote uendapo, kumbuka namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Usiporekebisha kumbukumbu TRA, siku ya kuuza utaonekana mwizi wa gari lako mwenyewe.

Kuna jambo moja ningeomba wenzangu wa Bukoba na Muleba waliepuke kabisa: kuuza kahawa kwa butura ili kununua injini. Kahawa ingali maua, mlanguzi ameshaihesabu kuwa yake kwa bei ya kutupa, halafu msimu ukifika familia inachuma mali ya mtu mwingine. Gari la mtumba halistahili heshima hiyo.

Basi, wengi huishia kwenye kuuza. Nami naona kuuza ndiko kugumu zaidi, ingawa kunaonekana kwepesi. Ushauri hukujia bila kuuomba. Weka oili nzito, kugonga kunyamaze. Washa injini mapema, mteja aikute ina joto. Osha chini, oili inayovuja isionekane. Dalali mmoja alinieleza haya yote kwa upole, kama anayenifariji kwa msiba.

Nilijiuliza kama sheria inamkataza. Kifungu cha 17 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania kinasema ukimya mtupu si ulaghai, isipokuwa pale mazingira yanapokupa wajibu wa kusema, au ukimya wenyewe unapokuwa sawa na maneno. Sheria ya India ya 1872, iliyotumika Tanganyika kabla ya hii yetu ya 1961, ilifafanua kanuni hiyo kwa mfano wa farasi mgonjwa. Muuzaji akinyamaza mnadani, si ulaghai. Mnunuzi akiwa binti yake aliyetoka tu kufikia utu uzima, lazima amwambie. Kumbe sheria huangalia mnauziana mkiwa nani.

Sasa nitazame Nshambya. Mnunuzi wa gari langu atakuwa mtu ninayekutana naye kanisani, gengeni au msibani. Gari la jirani ndilo linalobeba mjamzito usiku, ndilo linalopeleka mwili kijijini ukazikwe kwenye kibanja cha familia. Likizimika mlimani na mgonjwa ndani, nitasema mnada ulikuwa huria? Oili nzito haiponyi ugonjwa. Inauhamisha tu kutoka uani kwangu kwenda kwa mwingine, tena kwa bei ya gari zima.

Kwa hiyo langu nimeliuza likiwa bovu, kwa bei ya bovu, kwa fundi anayejua anachonunua. Ugonjwa wake umeandikwa kwenye hati ya mauziano, juu ya sahihi zetu. Mke wangu anaamini nimepunjwa, na huenda ni kweli.

Nawe unayetafuta gari, nenda asubuhi kabla halijawashwa, uguse injini uone kama ni ya baridi, ufungue kifuniko cha oili mwenyewe. Halafu mwambie muuzaji mbele ya shahidi: "Usipokataa, nitachukulia kwamba injini hii ni nzima." Akinyamaza au akianza kusifia rangi na matairi, ondoka na fedha yako.